Protini za joto na kinga dhidi ya kansa: je, sauna na nyungu zinasaidia?

Dada, ujumbe wako nimeusoma wote. Kwa faida ya wengine nitarudia kwa kifupi ulichouliza. Mama ametolewa figo moja miezi miwili iliyopita, majibu ya patholojia yakasema ni kansa ya figo, ile ya seli angavu, na daktari akasema iko kwenye kundi lenye hatari ya kurudi. Sasa kuna kituo cha sauna mjini kwenu kimewaambia kwamba joto la vyumba vyao linaamsha "protini za mshtuko wa joto", na hizo protini ndo zinazofundisha kinga ya mwili kuitambua kansa, na wakawaonyesha na karatasi za utafiti kabisa. Shangazi naye akasikia akasema basi kama ni joto si hata nyungu ni joto, ajifukize tu nyumbani bure. Unauliza kama ni kweli, kama mama aende, na mwishoni umeuliza kama kuna kipimo cha damu cha hizo protini.

Nianze na jibu lenyewe halafu ndo nieleze: mama asiende, na nyungu pia kwa sasa aiache. Ila usidhani huyo aliyewaambia katunga kila kitu, hapana, sayansi aliyoitaja ipo kweli, imunolojia ya kansa ndo kazi yangu ya kila siku na habari ya hizi protini ni mojawapo ya habari ninazozipenda kuliko zote kwenye fani yetu. Shida ni kwamba amebeba nusu yake tu. Hizi protini zikiwa nje ya seli zinaweza kuiamsha kinga. Zikiwa ndani ya seli ya kansa zinailinda kansa isife. Na mtu akikaa kwenye joto, zinazoongezeka zaidi ni zile za ndani.

Sasa twende taratibu. Mwaka 1962 pale Naples, Italia, mwanasayansi anaitwa Ferruccio Ritossa alikuwa anaangalia kwa hadubini kromosomu za tezi za mate za mabuu ya inzi wadogo wa matunda. Kromosomu za pale ni kubwa, unaona kabisa sehemu zinazovimba pale ambapo jini, yaani kipande cha urithi chenye maelekezo ya kutengeneza protini, linafanya kazi. Mtu mwingine maabara akawa amepandisha joto la inkubeta, Ritossa alipoangalia akakuta uvimbe umehama, sehemu mpya za kromosomu zimewaka ghafla. Akaandika, jarida moja lenye heshima likamkatalia likisema jambo hilo halina umuhimu wowote kibiolojia, ikabidi achapishe kwenye jarida lingine. Mpaka 1974 ndo Alfred Tissières na wenzake wakaonyesha kwamba seli zilizopashwa joto zinatengeneza protini za aina maalumu kwa wingi. Ndo hizo. Tunaziita HSP halafu namba, HSP70, HSP90, HSP27, namba ni ya uzito wake tu, na nyingine ina jina la gp96, hiyo ikumbuke maana ndo tutakayoiongelea sana.

Kazi yake ni nini? Kila protini ikitengenezwa lazima ikunjwe vizuri ndo ifanye kazi, na joto linazikunjua, zinashikamana hovyo, seli inakaribia kufa. HSP zinazishika, zinazikunja upya, na zilizoshindikana zinapelekwa kuvunjwavunjwa. Na sio joto peke yake linaloziita: ukosefu wa oksijeni, ukosefu wa sukari, sumu, virusi, hata dawa, vyote vinaziita. Hata seli iliyotulia kabisa inazo, HSP90 peke yake ni kama asilimia 1 hadi 2 ya protini zote za seli. Sasa fikiria uvimbe wa kansa, unakua haraka kuliko mishipa ya damu, katikati hakuna oksijeni ya kutosha, protini zake nyingi zimeharibika kwa sababu jini zake zimeharibika. Seli za kansa ziko kwenye msukosuko masaa 24. Kwa hiyo uvimbe mwingi unakuwa tayari umejaa HSP bila mtu yeyote kuingia sauna, na hili ningependa ulishike kabla hatujaenda mbele.

Upande wa kinga ulianzia kwingine kabisa. Mwaka 1957 Richmond Prehn na Joan Main walichukua panya wa ukoo mmoja, wanafanana kijenetiki, wakawapa kemikali inayoleta kansa. Ukimtoa panya uvimbe wake kwa upasuaji halafu ukamrudishia seli za uvimbe uleule, mwili wake unazikataa. Lakini ukimpa seli za uvimbe wa panya mwingine, ulioletwa na kemikali ileile, kwenye kiungo kilekile, zinaota kama kawaida. Yaani kila kansa ina sura yake peke yake mbele ya kinga, hata kama chanzo ni kimoja. Watu wakakaa miaka mingi wanatafuta hiyo sura ni kitu gani hasa ndani ya seli.

Pramod Srivastava, mtafiti aliyesomea India akaenda Marekani, akaamua kutafuta kwa njia ya kuchosha lakini ya uhakika: unasaga uvimbe, unatenganisha protini zake mafungu mafungu, kila fungu unawachanja panya, halafu unawapandikizia kansa yenyewe hai uone fungu gani limewakinga. Fungu lililokinga unaligawa tena, na tena, mpaka unabaki na kitu kimoja. Mwaka 1986 yeye na wenzake pale New York wakachapisha jibu, kilichobaki ni gp96. Panya aliyechanjwa gp96 kutoka uvimbe A aliukataa uvimbe A, uvimbe B hakuukataa. Sawasawa na ilivyokuwa 1957.

Hapo ndo ikaja shida kubwa. Walipoisoma gp96 ya uvimbe A, ya uvimbe B na ya ini la panya mzima, ni ileile. Haina tofauti. Sasa kinga inatofautishaje kitu ambacho hakitofautiani? Wengi walidhani jaribio lina kasoro. Jibu likawa kwamba gp96 ni kama hamali wa sokoni, hamali wote wanafanana na wanavaa vilevile, ukitaka kujua ametoka duka gani angalia mzigo aliobeba. HSP zinapofanya kazi yake ndani ya seli zinabeba vipande vidogo vya protini za seli ile, tunaviita peptaidi, na kwenye seli ya kansa baadhi ya vipande hivyo vinatoka kwenye protini zilizobadilika, zile ambazo mwili haujawahi kuziona.

Na hawakuishia kusema tu. Mwaka 1993 Heiichiro Udono na Srivastava walichukua HSP70 ya uvimbe, wakaithibitisha inawakinga panya, halafu wakaipitisha kwenye ATP. ATP ndo nishati ya seli, na HSP70 ikiipata inafungua mkono, inaachia ilichoshika. HSP70 iliyobaki mikono mitupu, protini ni ileile, uzito uleule, ikawa haiwakingi panya tena. Hilo jaribio nalipenda sana kwa sababu linajibu kila kitu kwa hatua moja. HSP bila mzigo wa kansa haifundishi kinga chochote, na hapo hapo unaanza kuona kwa nini "kuongeza HSP mwilini" kama kauli haina maana kabla hujauliza HSP za seli gani, zimebeba nini, ziko wapi.

Ziko wapi, hilo nalo lina habari yake. Kinga ina seli za doria, seli dendritiki na makrofaji, kazi yao kuokota vitu kwenye tishu na kwenda kuvionyesha kwa seli T, askari wa kinga, na seli T za CD8 ndo zinazoua. Kwa kawaida seli dendritiki ikiokota protini ya nje inaionyesha kwa seli T za aina nyingine zaidi, zile wauaji hazishtuki kirahisi. Lakini mwaka 1995 Suto na Srivastava walionyesha kwamba kipande kikiingia kimebebwa na gp96 kinapita njia tofauti, kinafika kwenye ule mlango wa kuwaita wauaji. Mwaka 2000 Robert Binder na wenzake wakaipata risepta, yaani kipokezi, inayoipokea gp96 juu ya seli hizo, inaitwa CD91, na mwaka uliofuata ikaonekana HSP70, HSP90 na kalretikulini, protini nyingine ya kukunja protini, nazo zinapita hapohapo. Kwa hiyo mwili una mlango maalumu wa kupokea hizi protini zikionekana nje. Na ukitafakari utaona inaleta maana, protini ambayo kazi yake ni ndani ya seli, ikionekana nje ujue kuna seli imepasuka, kuna balaa mahali.

Namna seli inavyokufa ndo inaamua. Seli ikifa kwa utaratibu wake, inajikunjakunja na kuliwa na majirani kimyakimya, HSP hazitoki kwa wingi na kinga haishtuki. Ikifa kwa kupasuka, zinamwagika. Na kuna kufa kwa tatu, kulikogunduliwa na kundi la Guido Kroemer na Laurence Zitvogel kule Ufaransa mwaka 2007: dawa kama doxorubicin zinafanya seli ya kansa itoe kalretikulini juu ya ngozi yake kabla haijafa, na kalretikulini hiyo inaiambia seli dendritiki njoo unile. Kwa hiyo baadhi ya kemo, ile tunayoidhani ni sumu tu, kumbe sehemu ya kazi yake inafanywa na kinga ya mgonjwa mwenyewe. Sio dawa zote zina tabia hiyo, ila inatosha kuonyesha kwamba protini hizi zina kazi halisi hospitalini na sio kwa panya peke yake.

Nikirudi kwa mama. Karatasi alizoonyeshwa nadhani zinatoka huku huku, na pengine hajaambiwa kwamba hii sayansi imeshajaribiwa kwa watu, tena kwenye kansa hiihii ya figo. Srivastava alianzisha kampuni pamoja na Garo Armen mwaka 1994, ikaitwa Antigenics, siku hizi ni Agenus. Wazo lilikuwa zuri sana: mgonjwa akitolewa uvimbe, uvimbe unagandishwa, unapelekwa maabara yao Marekani, gp96 inachujwa ikiwa na mzigo wake, inarudi kama chanjo ya mgonjwa huyo mmoja peke yake. Wakaiita vitespen. Mikrogramu 25 kwenye ngozi, kila wiki kwa wiki nne, halafu kila baada ya wiki mbili mpaka chanjo yake iishe, maana kiasi kinategemea uvimbe wake ulikuwa mkubwa kiasi gani.

Matokeo yalitoka kwenye jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2008. Wagonjwa 728 waliokidhi vigezo, wametolewa figo, wana hatari ya kansa kurudi, yaani watu kama mama yako kabisa. Nusu walichanjwa, nusu wakafuatiliwa tu. Kansa ilirudi au mgonjwa alifariki kwa 136 kati ya 361 waliochanjwa, na 146 kati ya 367 ambao hawakuchanjwa. Piga hesabu, asilimia 37.7 kwa 39.8. Tofauti hiyo ni ndogo mno, huwezi kuitofautisha na bahati. Urusi waliisajili mwaka huohuo kwa kundi dogo la wagonjwa ambao kwenye uchambuzi wa baadaye walionekana kunufaika, kwingine haikupita. Kwenye kansa ya ngozi aina ya melanoma iliyosambaa, wagonjwa 322, kwa ujumla hakukuwa na tofauti ya kuishi. Kwenye uvimbe wa ubongo majaribio ya mwanzo yalitia moyo sana, ilipojaribiwa vizuri pamoja na dawa nyingine ikaonekana haiongezi maisha.

Kwa nini? Watu wanabishana mpaka leo, maoni yangu ni haya. Kwanza mzigo wenyewe: gp96 inabeba vipande vya kila protini ya seli, na vingi mno ni vya kawaida, vile ambavyo kinga imeshafundishwa kuviacha, vilivyobadilika ni wachache wamezama katikati ya wengi. Pili, wakati ule hatukuwa na dawa za kufungua breki za kinga, seli T zinaamshwa vizuri halafu zikifika kwenye uvimbe zinazimwa. Tatu ni dozi. Kuna jaribio la panya la 1999 ambalo huwa nawasomesha wanafunzi kila mwaka, dozi ndogo ya gp96 inaamsha kinga, ukiongeza mara kumi inaizima. Sio kwamba inapungua nguvu, inaizima, unaweza kuchukua seli kutoka kwa panya huyo ukampa mwingine naye akazimwa. Huyo wa sauna anaposema "zikiongezeka tu ni faida", hajui kwamba hata kwenye panya wa maabara kuongeza kulileta kinyume chake.

Na hapo bado sijagusa upande wa ndani ya seli, ambao ndo unanifanya nikwambie asiende badala ya kusema aende tu haina madhara.

Ndani ya seli ya kansa HSP70 inazuia ile hatua ya seli kujiua, inakaa katikati ya mnyororo wa kifo inausimamisha. HSP27 inafanya hivyohivyo kwa njia yake. HSP90 inashikilia protini ambazo kansa inazitegemea, HER2 kwenye kansa ya titi, RAF, p53 iliyoharibika, ukiitoa HSP90 hizo zinaanguka. Swichi kuu inayowasha hizi zote wakati wa joto inaitwa HSF1. Mwaka 2007 kundi la marehemu Susan Lindquist kule Massachusetts lilichukua panya wasio na HSF1, wakawapa kemikali za kansa, na wakashuhudia panya hao wanapata uvimbe kwa shida sana kuliko wenzao. Yaani mnyama asiyeweza kuwasha mwitikio wa joto analindwa dhidi ya kansa! Ndo maana kwa miaka mingi kampuni za dawa zimetafuta jinsi ya kuzizima HSP kwenye kansa, sio kuziongeza. Nyingi zimeshindwa, dawa ya ganetespib ilifika hatua ya tatu ya majaribio kwenye kansa ya mapafu ikasimamishwa mwaka 2015, lakini Japani mwaka 2022 waliidhinisha pimitespib, dawa inayozuia HSP90, kwa aina moja ya uvimbe wa njia ya chakula. Sasa pima mwenyewe, upande mmoja kuna dawa iliyosajiliwa inayozuia hizi protini, upande mwingine kuna mtu anakuuzia chumba cha kuziongeza.

Kuna kitu kingine, hata zile zinazotoka nje sio zote zinatoka kwa heri. Seli za kansa zinatoa vifuko vidogo sana, eksosomu, vina HSP70 juu yake, na mwaka 2010 Wafaransa wakaonyesha vifuko hivyo vinaziamsha seli zinazoikandamiza kinga. Kwa hiyo hata neno "nje" peke yake halitoshi. Upande wa pili kuna kundi la Gabriele Multhoff kule Munich, yeye amekuta kansa nyingi zinaweka HSP70 juu ya utando wa seli, mahali ambapo seli nzima za kawaida haziweki, na seli za kinga za NK zikiandaliwa maabara zinaweza kuitambua na kuua. Wamefika mpaka kwa wagonjwa wachache wa kansa ya mapafu. Ni kazi nzuri, naifuatilia, ila angalia wanachofanya: wanachukua seli za mgonjwa, wanazichochea nje ya mwili, wanamrudishia. Hakuna anayemwingiza mgonjwa kwenye mvuke.

Niongeze na hili kwa sababu litakusaidia ukionyeshwa karatasi nyingine. Miaka ya 2000 mwanzoni kulikuwa na tafiti nyingi zinazosema HSP70 peke yake, hata bila mzigo, inachochea kinga kwa nguvu ajabu. Baadaye ikagundulika nyingi zilitumia HSP70 iliyotengenezwa ndani ya bakteria wa E. koli, na sumu ya ukuta wa bakteria hao ilibaki kidogo kwenye dawa. Sumu hiyo inaamsha kinga kwa kiasi kidogo mno. Mwaka 2003 Gao na Tsan wakaisafisha vizuri, uchochezi ule ukapotea. Kwa hiyo karatasi ya kabla ya hapo isome kwa macho mawili.

Haya, joto lenyewe. Tiba ya joto ipo, hospitali kadhaa za Ulaya zinaitumia, na mtu wa sauna anajificha nyuma yake. Mgonjwa analazwa kwenye mashine yenye antena zinazomzunguka, zinapeleka mawimbi ya redio mpaka ndani kabisa kwenye uvimbe, kati ya ngozi na antena kuna mfuko wa maji baridi ili ngozi isiungue, na vipimajoto vyembamba vinaingizwa mpaka ndani au karibu na uvimbe kuhakikisha umefika kama nyuzi 42 na kukaa hapo saa zima. Na inafanywa pamoja na kemo au mionzi, sio peke yake, kwa sababu joto linafungua mishipa ya damu, linaiharibu seli na kuinyima nafasi ya kurekebisha jini zake. Kwenye kansa za misuli na tishu laini kuna utafiti wa wagonjwa 341, waliopewa kemo na joto walikuwa hai miaka 10 baadaye asilimia 52.6, wa kemo peke yake 42.7. Hilo ni jambo kubwa, silipuuzi hata kidogo.

Lakini nyungu na sauna zinapasha ngozi. Mwili wa binadamu kazi yake kubwa ni kukataa joto lisiingie ndani, unatoa jasho, damu inakimbilia kwenye ngozi, ukikaa dakika 20 joto la ndani limepanda nyuzi moja pengine, na linapanda mwili mzima sawasawa. Na mama hana uvimbe tena wa kupasha, umeshatolewa! Kama kuna seli zilizobaki hatujui ziko wapi, unachofanya ni kuzipa msukosuko mdogo usioziua, ambao kwenye sahani za maabara tunajua unafanya seli iwe ngumu zaidi kufa kwa masaa kadhaa baadaye. Sisemi nyungu inaleta kansa wala kwamba waliojifukiza wamejidhuru, hakuna aliyethibitisha hivyo. Nasema hakuna faida unayoinunua, na hasara zipo. Figo imebaki moja. Mtu anatoka jasho jingi, anapungukiwa maji, presha inashuka, ile figo moja ndo inaumia kwanza, na kama anatumia dawa za presha au za maumivu kama diklofenaki mchanganyiko huo ni mbaya. Kidonda cha upasuaji kina miezi miwili tu. Na sufuria la maji ya moto chini ya blanketi, kwa mtu mzima ambaye bado hana nguvu, tumeona watu wanaungua. Shangazi mwambieni kwa heshima, nia yake ni njema, maji ya kunywa ya kutosha yanamsaidia mama kuliko mvuke.

Kama mna hela mlizopanga kuzipeleka sauna, ziwekeni kwenye swali hili: mama anastahili pembrolizumab? Hiyo ndo dawa ya kinga ambayo kwenye kansa ya figo ya seli angavu, baada ya upasuaji, imeonyesha kuokoa maisha. Utafiti wa watu 994, baada ya miaka minne waliopewa dawa walikuwa hai asilimia 91.2, waliopewa maji matupu asilimia 86. Inafungua breki ya seli T, wala haina haja ya HSP za ziada. Ni drip kila baada ya wiki tatu kwa karibu mwaka, bei yake ni kubwa sana na sitakudanganya kwamba familia nyingi zinaimudu, pia ina madhara yake, inaweza kufanya kinga ishambulie tezi, utumbo, mapafu. Lakini wagonjwa wa utafiti ule walianza ndani ya wiki 12 baada ya upasuaji, na mama ana miezi miwili, kwa hiyo muda ndo huu. Nendeni na karatasi ya patholojia kwa daktari wa kansa, hospitali ya Ocean Road Dar es Salaam au Bugando Mwanza kutegemea mko karibu na wapi, muulizeni hatua ya uvimbe ni ipi, daraja la seli ni la ngapi, na kama hafai dawa, ratiba ya CT ya kufuatilia ni ipi.

Na wazo la Srivastava usidhani limekufa. Mwaka 2025 madaktari wa Boston walichapisha wagonjwa 9 wa kansa ya figo yenye hatari kubwa. Walisoma jini za uvimbe wa kila mmoja, wakachagua vile vipande vilivyobadilika tu, wakavitengeneza maabara wakawachanja, na hakuna hata mmoja ambaye kansa ilikuwa imerudi baada ya miezi kama 40 kwa wastani. Tisa ni wachache na hawakulinganishwa na kundi lingine, kwa hiyo tusikimbie. Ila ona kilichobadilika: mzigo umebaki, hamali ameachwa. Wale panya wa 1957 walikuwa wanatuambia hivyo tangu mwanzo.

Kipimo cha damu ulichouliza: maabara za utafiti zinapima HSP70 kwenye damu, na kwa baadhi ya kansa inapanda kadiri uvimbe ulivyo mkubwa. Lakini inapanda pia kwa maambukizi, baada ya mazoezi makali, na ndiyo, baada ya sauna. Hospitalini haitumiki kufuatilia kansa ya figo, kwa hiyo mtu akitaka kumpima mama kabla na baada ya kikao cha joto halafu awaonyeshe namba imepanda, namba itapanda kweli, na haitakuwa imewaambia chochote kuhusu kansa. Kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo inafanya kazi vipi, ndo mpimeni, na presha, kila anapoenda kliniki.